Niache kazi nikasomee shahada ya hali ya hewa?

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 27, mwangalizi wa hali ya hewa katika kituo kimoja cha uwanja wa ndege Kanda ya Ziwa. Nilimaliza stashahada ya hali ya hewa Kigoma miaka minne iliyopita kwa GPA ya 3.6. Huu ni mwaka wangu wa tatu katika ajira ya umma na nimeshathibitishwa kazini. Nina mtoto wa miaka minne anayelelewa na mama yangu Tabora.

Kazi yetu ni ya zamu. Kila saa, na ndege zikiwa nyingi kila nusu saa, natuma METAR, ripoti fupi ya hali ya hewa ya uwanja kwa ajili ya ndege. Kila baada ya saa tatu natuma sinopu, ripoti ya jumla ya hali ya hewa ya kituo. Saa 3 asubuhi napima mvua ya saa 24 zilizopita, nasoma kipimajoto kikavu na kibichi, nakadiria mawingu kwa jicho, na zamu inaendelea. Naipenda kazi hii. Ila nimefika mahali sioni pa kusogea. Nikiona dhoruba inajijenga juu ya ziwa, naandika nilichokiona; anayeruhusiwa kusema kitakachofuata ni mwenye shahada, tena wakati mwingine yuko mbali na hilo ziwa. Mwaka jana tulifungiwa mtambo unaojiendesha wa kupima joto, unyevu, upepo na mvua. Wenzangu wanatania kwamba mtambo hauombi likizo. Mimi sicheki.

Mwaka huu niliomba Shahada ya Sayansi ya Hali ya Hewa, miaka mitatu, Dar es Salaam, nikachaguliwa. Ada ni Sh 1,300,000 kwa mwaka, na michango mingine nimeikadiria Sh 200,000. Chumba, chakula na nauli nimeweka Sh 350,000 kwa mwezi, kwa miezi 10 ya masomo.

Mshahara wangu baada ya kodi, mchango wa pensheni wa PSSSF na bima ni Sh 760,000, posho za zamu hazimo. Benki inakata Sh 148,000 kila mwezi kwa mkopo niliochukua kununulia kiwanja, na bado miezi 31. Mama namtumia Sh 150,000 za mtoto. Akiba yangu yote, pamoja na hisa za kikoba, ni Sh 3,200,000.

Nilipouliza kazini kuhusu ruhusa ya masomo niliambiwa kwa mdomo nisubiri, sipo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka huu. Bodi ya Mikopo haimkopeshi mwenye ajira. Kuna mwenzangu amenishauri niache kazi, niombe mkopo kama mhitimu wa stashahada asiye na kazi, nisome, kisha nirudi nikiwa mtabiri. Anasema nichelewe kidogo tu na sitakopesheka tena, kwa sababu mwongozo unataka stashahada isiyozidi miaka mitano. Mwingine anasema nihamie kituo cha Dar, nishike zamu za usiku na nisome mchana.

Kaka yangu hataki kusikia lolote. Anasema hali ya hewa ina mwajiri mmoja nchi nzima, kwa hiyo kama ni kuacha mshahara, nisomee ualimu wa fizikia au kompyuta. Jambo jingine linalonitisha, ingawa sijamwambia mtu: hisabati ya kidato cha sita nilipata E, na sijagusa kalkulasi kwa miaka saba.

Kuthibitisha udahili kuna mwisho wake. Je, shahada hii ina thamani ya kuachia kazi?

Mwangalizi wa Zamu ya Usiku, Kanda ya Ziwa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umeniletea barua yenye hesabu, na hesabu zako zitatusaidia sana.

Nimekuelewa hivi. Unataka kutoka kwenye kupima hali ya hewa uingie kwenye kuitabiri. Mlango wa huko ni shahada. Fedha huna, na njia ya fedha unayoiona ni kuacha kazi ili ustahili mkopo. Nyuma yako muda unakimbia: udahili utafungwa, na miaka mitano ya stashahada inaishia. Kaka naye anauliza kama safari yenyewe ina mwisho mwema. Haya ni maswali matatu au manne yaliyofungwa katika furushi moja, na nadhani uzito unaouhisi unatokana na kutaka kuyajibu yote kwa barua moja ya kuacha kazi.

Kwanza, kuhusu ulazima wa shahada, hujakosea. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, katika chapisho lake Na. 1083, linatenganisha watu wawili. Kuna mtaalamu wa hali ya hewa, aliyemaliza mafunzo ya msingi ya ngazi ya chuo kikuu yanayoitwa kwa kifupi BIP-M. Na kuna fundi sanifu wa hali ya hewa, aliyemaliza BIP-MT. Wewe ni huyu wa pili. Anayetabiri kwa ajili ya usafiri wa anga anatakiwa awe wa kwanza, na sharti hilo lina nguvu tangu Desemba 2016. Kwa hiyo mkubwa wako wa kazi hakuonei. Hata akikuamini kabisa, hawezi kukupa dawati hilo.

Lakini angalia kitu kimoja. WMO haidai cheti kiandikwe "hali ya hewa". Inadai uwe umepata fizikia na hisabati ya ngazi ya chuo, halafu fizikia ya angahewa, dainamiki (elimu ya mwendo wa hewa), uchambuzi wa mifumo ya hali ya hewa na klimatolojia (elimu ya tabianchi). Watu wengi duniani wamefika huko kwa kusoma shahada ya fizikia au hisabati, kisha stashahada ya uzamili ya hali ya hewa, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kimeifundisha kwa miaka mingi. Njia hiyo ni ndefu. Ila sehemu yake ya kwanza inaweza kusomwa Chuo Kikuu Huria bila kuacha kazi, na shahada ya fizikia na hisabati inamjibu kaka yako kuhusu mwajiri mmoja, kwa sababu mwenye masomo hayo anaweza pia kufundisha akipata mafunzo ya ualimu. Hatari yake ni kuchoka. Anayesoma huku akifanya kazi ya zamu husogeza mtihani wa mwaka huu hadi mwakani, na wa mwakani hadi mwaka unaofuata. Mazoezi ya maabara ya fizikia yana tarehe maalumu, na tarehe hizo haziulizi zamu yako iko lini.

Sasa fedha. Ada na michango ya miaka mitatu ni Sh 4,500,000. Mshahara wa miezi 36 ni Sh 27,360,000. Unaona kitu cha ghali hapa ni kipi? Umekuwa ukiangalia ada, kama wengi wanavyofanya, kumbe sehemu kubwa ya bei ya shahada hii kwako ni mshahara utakaokosa. Swali la kwanza la kuulizwa linabadilika: mshahara utaendelea au hautaendelea?

Tuseme umepewa ruhusa ya masomo na mshahara unaendelea. Ukitoa makato ya benki zinabaki Sh 612,000. Toa za mtoto, zinabaki 462,000. Katika miezi 10 ya masomo unatumia 350,000, unabakiwa na 112,000 kila mwezi, yaani Sh 1,120,000. Miezi miwili ya likizo ukikaa kwa mama Tabora unabakiwa na 924,000 nyingine. Jumla ni Sh 2,044,000 kwa mwaka, na ada pamoja na michango ni 1,500,000. Zinabaki Sh 544,000 za dharura, na akiba yako haijaguswa. Maisha yatabana, na posho za zamu zitakatika, lakini unasoma bila kukopa shilingi.

Tuseme umepewa likizo bila malipo. Kazi iko palepale, ila fedha ndiyo inayouma kuliko zote: ada na maisha Sh 15,000,000, za mtoto 5,400,000, deni la benki 4,588,000. Ni karibu Sh milioni 25 dhidi ya akiba ya milioni 3.2. Na usidhani hapo Bodi ya Mikopo itakusaidia. Aliye kwenye likizo bila malipo bado ni mwajiriwa. Kujaza kwenye fomu kwamba huna ajira ni kusema uongo kwa maandishi.

Njia ya mwenzako, ya kuacha kazi, inaonekana nyepesi kwa sababu mkopo unabeba ada na chakula na malazi. Ila haubebi Sh 150,000 za mtoto wala 148,000 za benki. Kwa miezi 31 hizo ni Sh 9,238,000, na miezi mitano ya mwisho ya mtoto ni 750,000. Yaani karibu Sh milioni 10 zitakazotoka mahali nisipopajua, na hapo nimechukulia kwamba umepata mkopo kwa asilimia 100. Mikopo hiyo hutolewa kwa viwango kulingana na uhitaji, na wapo wanaopata sehemu tu. Tazama pia mpangilio wa tarehe: ili uombe ukiwa huna ajira lazima uwe umeshaacha kazi, na majibu ya umepata kiasi gani yatakuja baadaye. Barua ya kuacha kazi huwezi kuirudisha siku ukiona kiwango hakitoshi. Kuhusu miaka mitano, mwenzako kweli ameusoma mwongozo, ingawa mwongozo hutolewa upya kila mwaka, hivyo soma wa mwaka huu wewe mwenyewe, ukurasa wa sifa za mwombaji.

Kuna gharama nyingine zisizoonekana kwenye karatasi yako. Pensheni ya PSSSF inadai michango ya miezi 180. Ukiondoka saa yako inasimama, na aliyeacha kazi kwa hiari hapati fao la kukosa ajira. Kurudi utumishi wa umma baada ya kuacha kunahitaji kibali, na utapitia Sekretarieti ya Ajira kama waombaji wengine wote. "Nitarudi nikiwa mtabiri" ni sentensi ambayo mwenzako ameisema haraka mno. Inategemea kama mwaka huo nafasi zimetangazwa, ngapi, na wangapi wenye shahada hiyohiyo wanazisubiri.

Na hata anayerudi kutoka ruhusa halali asidhani cheti kinambadilishia kiti. Kubadilishiwa kada, kutoka fundi sanifu kwenda mtaalamu, kunahitaji nafasi iwepo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, na kwenye bajeti ya mishahara. Wapo watumishi wengi wa umma, wa sekta zote, waliorudi na shahada wakaendelea na kazi ya zamani mwaka mmoja au miwili wakisubiri. Ndiyo maana swali la kumuuliza afisa rasilimali watu linapaswa kuwa zaidi ya "mtaniruhusu?". Uliza lini shahada hii inaweza kuingia kwenye mpango wa mafunzo. Uliza kama mshahara unaendelea. Uliza ukirudi utaanza na mshahara wa kada mpya au utabaki na mshahara binafsi, yaani ule uliokuwa ukiupata, na utatakiwa kutumikia miaka mingapi kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Yaandike kwenye barua, ipitishe kwa mkuu wa kituo, ambatisha nakala ya udahili, na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Jibu la mdomo la "subiri" huwezi kulipigia hesabu. Jibu la maandishi la "mwaka ujao wa fedha" unaweza.

Jaribu pia hesabu ya marejesho, kwa tarakimu za mfano tu. Chukua kwamba shahada itakuongezea Sh 250,000 mkononi kila mwezi. Mshahara ulioukosa, Sh 27,360,000, utarudi baada ya miezi 109, yaani miaka tisa na ushei. Sasa ongeza mkopo: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa msingi wa Sh 1,200,000 hiyo ni 180,000 kila mwezi, na nyongeza yako ya 250,000 inabaki 70,000 hadi deni liishe. Kama ulikopa Sh milioni 11, ni miaka mitano. Pata kiwango halisi cha kada zote mbili kazini kwako, uweke badala ya tarakimu zangu. Inawezekana pengo ni kubwa kuliko nilivyokisia, na picha ikabadilika kabisa.

La kuhamia Dar na kusoma mchana sitalizungusha. Masomo ni ya kutwa, na alama za mwaka, zile zinazopatikana kwa majaribio na maabara kabla ya mtihani wa mwisho, ni asilimia 40. Zamu ya usiku kwenye uwanja wenye ndege nyingi haina usingizi: METAR kila nusu saa, sinopu ya saa 9 usiku, ya saa 12 alfajiri. Atakayeharibikiwa kwanza sijui ni mwanafunzi au mwangalizi. Kosa la tarakimu moja kwenye shinikizo la hewa linalotumwa kwa rubani si la kuchezea.

Kuhusu ile E. Nafurahi umeiandika, maana ndiyo sehemu ambayo watu hawaisemi na ndiyo inayowaangusha. Wanaoingia kwa stashahada wanajua vifaa, misimbo ya ripoti na mawingu kuliko wenzao wote darasani. Kisha muhula wa kwanza unakuja na kalkulasi, aljebra ya vekta na milinganyo tofautishi, na humo hakuna wingu hata moja. Aliyebeba masomo mawili aliyofeli kutoka mwaka wa kwanza anaingia dainamiki ya mwaka wa pili bila miguu, kwa sababu milinganyo ya mwendo wa hewa imejengwa juu ya kalkulasi ileile. Hili unaweza kulipima kabla ya kutoa hata shilingi. Tafuta kitabu cha hisabati ya juu cha kidato cha tano na sita. Mada ni nne: kutofautisha (differentiation), kuunganisha (integration), vekta, na milinganyo tofautishi rahisi. Kwa saa sita kwa wiki, zifanyie kazi miezi mitatu, halafu jikalishe na mtihani wa taifa wa miaka iliyopita ukiwa umefunga simu. Ukiona inarudi, hofu hiyo itapungua yenyewe. Ukiona hairudi, bora ujue ukiwa bado kwenye ajira.

Jambo la pembeni kidogo: usishangae ukikuta vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu wa kaskazini, vimejaa mipaka ya hewa baridi na joto ambayo huku hatuioni. Karibu na ikweta nguvu inayopindisha upepo kutokana na mzunguko wa dunia inakaribia sifuri, kwa hiyo kanuni zao nzuri za kukisia upepo kutoka kwenye ramani ya shinikizo zinalegea. Sisi tunaishi kwa ukanda mvua (pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana), upepo wa bahari na nchi kavu, milima na ziwa. Wewe unajua tayari, kwa kukaa macho, kwamba dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, pale pepo za nchi kavu kutoka kila ufuko zinapokutana katikati juu ya maji yenye joto. Mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja shuleni atalisoma hilo kwenye slaidi.

Hofu ya mtambo unaojiendesha naielewa, lakini ipeleke mbali kidogo zaidi. Ni kweli usomaji wa kipimajoto kwa jicho unapungua, na mkataba wa Minamata kuhusu zebaki umeusukuma uende haraka. Kazi inayokuja badala yake ni kukagua mitambo hiyo, kulinganisha vipimo na kusafisha takwimu, maana kipimamvua chenye kikombe kinachopinduka kikiingia buibui au vumbi kinaripoti sifuri siku ya mafuriko, na mtu lazima agundue. Kwa upande mwingine, mtabiri naye hayuko salama kwa kuwa na shahada tu. Kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kilianza kutumia rasmi modeli ya akili mnemba Februari 2025. Wewe unaikimbia mashine kwenda mahali ambako mashine nayo imeshafika. Thamani ya mtabiri inazidi kuwa kwenye kujua modeli inakosea wapi, na kuandika programu ndogo za kuchambua takwimu. Shahada isiyoambatana na lugha za programu kama Python au R itakuwa nyepesi sokoni, na hiyo huhitaji udahili kuianza. Mafunzo ya hali ya hewa ya MetEd ya Marekani yamekuwa wazi mtandaoni bila ada, na programu ya CDT, inayotumia R, iliundwa kwa ajili ya takwimu za hali ya hewa kama mnazokusanya.

Kaka yako ana hoja, na ningependa usimchukulie kama adui wa ndoto yako. Mamlaka ya Hali ya Hewa ndiyo mwajiri mkubwa, na sheria Na. 2 ya 2019 inaiachia yenyewe kutoa tahadhari za hali mbaya ya hewa, kwa hiyo kampuni binafsi ya utabiri kama zilivyo Ulaya haina uwanja mpana hapa. Kazi za nje ya Mamlaka zipo, ila mara chache zina jina la fani: mchambuzi wa takwimu za tabianchi, afisa wa maafa, mtaalamu wa bima ya mazao, mtu wa maji kwenye bodi za mabonde au mabwawa ya umeme, na nje ya nchi kituo cha tabianchi cha kanda, ICPAC, kule Kenya. Baada ya mvua za mwishoni mwa 2023 na kimbunga Hidaya cha Mei 2024, mashirika yanayotaka mtu wa kuyatafsiria utabiri hayapungui. Lakini tangazo la kazi hizo husema "shahada na uzoefu". Uzoefu unao. Ukiacha kazi leo, uzoefu huo unakoma ukiwa wa miaka mitatu.

Na kuna mlango ambao kaka yako hawezi kuujua kwa sababu uko ndani ya kazi. WMO ina ufadhili kwa watumishi wa taasisi za hali ya hewa, ukiwamo wa kusoma Nanjing na Hohai nchini China na wa Saint Petersburg, Urusi. Huombi peke yako. Anayekupendekeza ni mwakilishi wa kudumu wa nchi kwenye WMO, ambaye kwetu ni mkuu wa Mamlaka. Udhamini wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza huishia miaka 25, umeshapita. Kwa shahada ya uzamili ni 35. Hesabu nyuma kutoka hapo: ukipata shahada ya kwanza, kwa njia yoyote, kabla ya miaka 33 na bado uko kazini, mlango huo utakuwa wazi. Aliyeacha kazi hana wa kumpendekeza. Je, ulipomuuliza yule wa kazini, uliuliza ufadhili pia, au ruhusa tu?

Sikuambii uende wala ubaki. Inawezekana jibu la maandishi likawa baya, ukapima kila kitu, ukaona bado unataka kwenda. Ni haki yako, na utakuwa umeondoka unajua unachokiacha. Inawezekana pia mwaka mmoja wa kusubiri ukamaliza miezi 12 ya deni la benki, yaani Sh 1,776,000, ukairudisha kalkulasi na kukuingiza kwenye mpango wa mafunzo, ingawa hakuna anayekuhakikishia kwamba mpango huo hautasogezwa tena. Kama utaacha nafasi ya mwaka huu ipite, usiithibitishe halafu ukaiacha hewani. Uliza ofisi ya udahili ya chuo utaratibu wa kuomba upya, ili jina lako lisikwame kwenye mfumo mwakani.

Wiki hii peleka ile barua. Halafu mpigie mama Tabora, umwambie tarakimu zote, hata ile ya milioni 10. Usimuulize kama anakubali. Muulize mtoto akianza shule mwakani atahitaji kiasi gani kwa mwezi, maana nina wasiwasi Sh 150,000 uliyoiandika ni ya mtoto ambaye bado hajavaa sare.